Zamu ya Kuitika

Nimerudi Bungulu, mtaa wetu wa Beni, rafiki yangu, na sikuja kusalimia. Ungeniona jana nimesimama uani kwa bibi yangu, mfuko wa mikate mkononi, vumbi la barabara ya Butembo limenijaa hadi kwenye nyusi, ungesema huyu amekumbuka kwao. Sivyo. Nimekuja kumwamsha mdogo wangu.

Najua inavyosikika. Mwanamke mzima, fundi wa nguo mwenye wanafunzi wa kushona pale Mususa, mjini Butembo, anaacha kazi za watu mezani, anapita vizuizi vya askari kimoja baada ya kingine, ili akamwite mwanamume mwenye ndevu mlangoni pake. Lakini aliyenituma ni mama, na mama yangu sijawahi kushinda ubishi wowote naye tangu nizaliwe.

Habari yenyewe ni fupi. Sisi tulipokimbilia Butembo, mdogo wangu alibaki hapa Beni. Alikuwa na shamba la kakao upande wa kaskazini, huko ambako watu huvuna huku wakisali, kwa sababu wauaji wa porini hawana siku wala saa. Kila asubuhi alitupigia simu kabla hatujatoka kitandani. Msimu huu alikwenda kuvuna, na tangu hapo simu yake inaitikiwa na yule mwanamke wa mtandao anayesema Kifaransa na asiyechoka kamwe. Nimempigia hadi nimemchukia, utadhani yeye ndiye aliyemficha.

Mama alikaa kwenye kigoda jikoni kwangu. Hakulia. Alichambua maharage, na yalipokwisha aliyachanganya tena na takataka zake akaanza upya. Halafu asubuhi moja akasema, "Enda Beni umuite ku mulango yake. Ule mutoto anaamukaka tu na sauti yako."

"Mama, mutu analala namna gani siku zote hizi?"

"Enda tu. Ukimuita, ataitika."

Nilimtazama usoni nikaona akili yake ni nzima kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Nikafunga duka, nikamwachia mama binti yangu, nikaondoka. Wewe ungefanya nini? Mtu akikosa sauti ya kusikia, akakosa hata kaburi la kuinamia, upumbavu nao unakuwa kazi ya kufanya.

Nyumba ya bibi bado imesimama. Mbao zimegeuka za kijivu na mabati yameshika kutu, lakini imesimama. Kilichoniuma kwanza ni ua. Haujafagiliwa. Majani makavu yamelala pale pale ambapo zamani tulifagia kila asubuhi kwa mafagio ya vijiti, migongo imepinda, hadi ardhi ibaki na mistari ya fagio. Turubai la kuanikia kakao limekunjwa ukutani, bado lina ile harufu ya uchachu inayoingia mpaka kooni. Na mlango wa mdogo wangu umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Nililishika lile kufuli. Lilikuwa la moto kwa jua.

Jirani alinisikia akachungulia juu ya uzio wa majani. Ni Mama Mapasa, jina tunalompa kila mwanamke aliyezaa pacha. Utotoni mwangu alikuwa mama mwenye nguvu, sasa nywele zake ni nyeupe na meno ya mbele hana. Nilimuuliza habari za mdogo wangu kabla hata ya kumsalimia vizuri.

"Hatuyasikia kitu, mutoto yangu," akasema. "Hapana kitu."

Baadaye aliniletea bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu chenye mawese, akakaa nami nikila, akiitazama mikono yake. Nilipomuuliza tena akasema jua limetua na kuku wake hawajaingia. Akaenda zake. Nikabaki na sahani, na kwa kuwa sikuweza kula wala kulia, nikafanya kile ambacho watu wa umri wangu hufanya wakikosa la kufanya. Nikakumbuka.

Asubuhi za ua huu hazikuanza kwa jogoo. Zilianza kwa bibi. Kabla mzee wa kanisa hajagonga ile jante, rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inia kama kengele, bibi alitoka, akakohoa, akafunga kitenge chake vizuri, akasimama katikati ya ua na kuanza kutuita. Wabukire, aliita. Hilo ni neno la Kinande, ndiyo salamu yetu ya asubuhi, na maana yake ni kuulizana tu kama mtu ameamka. Watu wa kwingine wanatakiana siku njema. Sisi tunaulizana kwanza kama upo.

Aliita kila mlango kwa zamu yake, na kila mwenye mlango alipaswa kuitika, "Eee, niko." Kwanza wazazi wangu, halafu chumba cha mpangaji, halafu mimi, halafu mdogo wangu, halafu sauti yake ilivuka uzio kwenda kwa Mama Mapasa, kisha kwa mzee wa kanisa, kisha kwa fundi wa baiskeli kule mwisho. Hakuna aliyeitika kabla ya zamu yake. Na hakuna aliyemwitikia mwenzake. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja chungu. "Kila mutu na sauti yake," bibi alisema, na akisema hivyo hata baba yangu alinyamaza.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Wakati wa vita, mimi nikiwa bado mgongoni, majeshi yalipita hapa kila moja na lugha yake, na watu walijifungia ndani kwa woga. Mama mmoja wa mtaa huu alikufa nyumbani kwake asubuhi na alikaa humo hadi mchana. Watu walipita mlangoni pake. Mmoja alisimama hapo hapo akasalimia, na mtoto wa jirani, kwa kutaka kusaidia, akaitikia kutoka uani, "Iko, analala." Basi wakapita. Bibi hakusahau. Kuanzia hapo aliamua kwamba kwenye mstari wetu hakuna atakayekufa bila watu kujua, na kwamba anayemwitikia mwenzake anamfunika.

Sasa fikiria mtu mgeni anakuja kupanga chumba mahali kama hapa. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, ametumwa na serikali kutoka Kasai, mrefu, mpole, mwenye masanduku ya vitabu na suruali zenye mikunjo mikali. Kiswahili chake alikiokota njiani, nusu yake Kilingala. Hakuna aliyemweleza chochote, kwa kuwa sisi tulidhani dunia nzima inaamka hivi. Asubuhi yake ya kwanza bibi akaita mlangoni pake, wabukire, na ndani kimya. Akaita tena. Kimya. Bibi akamtazama baba, baba akamtazama fundi wa baiskeli ambaye tayari alikuwa ameruka uzio, na kabla hujasema lolote wanaume wawili walikuwa wameuvunja mlango kwa mabega.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya kioo, povu kwenye mashavu, wembe mkononi.

"Likambo nini?" akauliza kwa Kilingala, kuna nini. "Mimi najinyoa ndevu tu."

"Uko muzima?" bibi akamuuliza.

"Niko muzima."

"Basi kwa nini hapana itika?"

Akajifuta povu. Kwao, alituambia baadaye, mtu mwenye adabu hapigi kelele kutoka chumbani. Mama Mapasa alicheka hadi akakaa chini, pacha wake mgongoni na kifuani. Baba alilazimika kumtengenezea mwalimu mlango mpya wa mbao pana, na mlango huo ndio uliokuwa ubao wetu wa darasa.

Kwa sababu mwalimu, alipoelewa, alifurahi kuliko yeyote. Jioni tukimenya mihogo, babula, lile jiko la makaa, ikiwaka na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wakikaangwa, alichukua chaki akaandika kwenye mlango neno moja la Kiingereza, *wake*. Alisema kwamba wenye lugha hiyo wana kitenzi hiki kwa jambo ambalo bibi analifanya kila siku. Tukalisema pamoja, watoto wa ua wote, "weki, weki," tukasikika tunafukuza kuku.

Kisha akaeleza matumizi yake, na nakuambia sijawahi kusikia mwalimu akieleza neno kwa upendo vile. Alisema kitenzi hiki kinafanya kazi mbili. Mtu akiamka mwenyewe ni hicho, na akimwamsha mwingine ni hicho hicho, hakibadiliki umbo. Mara nyingi wanakifuatisha na kijineno *up*, maana yake juu. Tukatazama juu sote. Akasema hapana, hakuna anayekwenda juu, ni mazoea yao tu, kama vile sisi tunavyosema kaa chini hata kwa anayekaa kitini.

Bibi alikuwa anasikiliza huku akipepeta mchele. "Sasa mutu akisema ile neno," akauliza, "banajuaka namna gani kama alijiamusha ao aliamushwa?"

"Banaangalia kama kuko jina ya mutu nyuma yake, koko." Alimwita koko kama sisi, yaani bibi.

Bibi akafikiri. Ungo ukasimama. "Kuko mutu siku zote," akasema. "Mutu hajiamushake. Kuko mwenye alimuita."

Mwalimu akasema huenda ni kweli, lakini akaendelea, kwa kuwa walimu hawawezi kuacha jambo katikati. Akasema neno hilo wanalitumia pia kwa kukesha na maiti, wanapokaa na marehemu usiku kucha kabla ya kumzika. Sisi watoto tukacheka. Unalipaje jina la kuamka jambo la mtu asiyeamka? Lakini bibi hakucheka. Alisema polepole, "Ile usifundishe batoto." Mwalimu akalifuta neno lote kwa mkono wa shati lake, na jioni ile hatukusoma tena.

Kesho yake alianza na kazi ya nyumbani. Kila mtoto apewe mtu mmoja wa kumwamsha, kisha jioni aje aseme kwa Kiingereza amemwamsha nani. Mmoja wa pacha, aliyekuwa ameshajifunza kusema, alisema amemwamsha mbuzi, na mbuzi akakubaliwa. Mimi nilipewa mdogo wangu. Ua mzima ulishangilia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anachelewesha mstari.

Nikueleze usingizi wa yule mtoto. Alibeba jina la babu, kwa hiyo bibi hakumwita mjukuu, alimwita bwana yangu, na sisi wengine wote tukamwita Bwana ya koko. Bibi alipofika mlangoni pake na kuita, "Bwana yangu, wabukire?" hakuna kilichosikika ila kukoroma. Na kwa kuwa zamu ya Mama Mapasa ilikuja baada yake, Mama Mapasa alisimama kwake na sufuria mkononi, haruhusiwi kuitika, uji wake unafurika. Nyuma yake mzee wa kanisa, kengele hajagonga. Nyuma ya huyo fundi wa baiskeli. Mtaa mzima umesimama unamsubiri mtoto wa darasa la kwanza.

"Mumuamushe ule bwana!" Mama Mapasa alilalamika juu ya uzio. "Mimi niko na uji ku moto!"

Kumshika ilikuwa marufuku. Bibi aliamini mtu akishikwa usingizini roho yake inarudi vibaya. Sauti tu ndiyo iliyoruhusiwa. Basi nilikuwa naweka mdomo kwenye mwanya wa mbao, naigiza sauti nzito ya mwalimu, nasema, "Wake up, Bwana ya koko." Nikasikia kwanza kicheko. Alicheka kabla ya kuamka, rafiki yangu, alicheka akiwa bado huko alikokuwa. Halafu ikaja ile sauti ya mikwaruzo, inayoivuta o hadi mwisho wa pumzi: "Eee, nikooo." Na hapo hapo Mama Mapasa, "Eee, niko!" na mzee wa kanisa, na fundi, na kengele, na mafagio, na madumu ya maji yakigongana njiani kwenda kisimani. Siku ilikuwa imefunguliwa, na mimi ndiye niliyeifungua. Sijawahi tena kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa asubuhi zile.

Mwalimu alikaa nasi miaka, kisha akahamishwa kurudi kwao. Asubuhi ya kuondoka aliitika mara ya mwisho, kwa Kinande kizuri, na mama yangu akalia. Baada yake dunia ilianza kutupungua. Wauaji wakaingia mashamba ya pembezoni, halafu vijiji, halafu mitaa ya mwisho ya mji. Wito wa bibi haukuwa mchezo tena. Kulikuwa na asubuhi ambazo kila "niko" iliposikika watu walipumua. Fundi wa baiskeli aliacha kuitika siku moja, na safari hii wanaume walipovunja mlango hakuna aliyecheka.

Bibi mwenyewe alikufa kitandani, kwa uzee, jambo ambalo siku hizi kwetu ni bahati. Lakini sikiliza jinsi tulivyojua. Kulipambazuka na hakuna aliyeita. Tulilala macho wazi, kila mtu chumbani mwake, tukisubiri zamu. Ndivyo tulivyozoeshwa. Hakuna aliyewaza kutoka, kwa kuwa hatukuwa tumeitwa. Jua liliingia kwenye nyufa za mbao. Ndipo nikasikia mlango wa mdogo wangu ukifunguliwa. Yeye, gogo la usingizi, aliamka peke yake siku ile. Akatembea hadi kwa bibi, akasimama pale nje, akaita kwa sauti ya kijana anayeogopa, "Koko, wabukire?"

Aliita mara nyingi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akageuka akasimama katikati ya ua akaanza kutuita sisi, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa bibi.

Tangu siku ile wito ulikuwa wake. Tulipofunga vitu kwenda Butembo, nilimkamata shati nikamsihi aje nasi. Nilimwambia kakao si kitu, kakao itaota hata bila yeye. Akasema, "Yaya," yaani dada mkubwa, "na nani ataita hawa?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa uzio, kwa Mama Mapasa na mzee wa kanisa, waliozeeka mno kukimbia. Nilikasirika sana. Nilimwambia anajifanya bibi. Akacheka kile kicheko chake. Ndiyo sababu alikuwa anatupigia simu asubuhi, unaona sasa. Alikuwa anatuweka bado kwenye mstari, hata tukiwa mbali. Mama alikuwa anaitika kwenye simu kwa sauti kubwa, "Eee, niko!" mpaka majirani zetu wa Mususa wakadhani ana wazimu.

Basi jana nililala kwenye chumba cha bibi, juu ya mkeka. Usingizi haukuja. Nilisikiliza mabati yakipoa. Nilijiambia asubuhi nitamsikia akikohoa uani, nitamsikia akiita, na nitatoka nimtukane kwa kutusumbua hivi. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno ya kumtukana nayo.

Kulipambazuka na hakuna aliyeita.

Nilijua kimya kile. Nilishakisikia mara moja. Nikainuka, nikafunga kitenge, nikatoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, na kule mbali milima ilikuwa bado haionekani. Nikaenda mlangoni pake. Nikaona lile kufuli, kwa nje, na bado nikafanya nilichotumwa. Niliweka mdomo kwenye mwanya wa mbao kama zamani na nikasema yale maneno ya Kiingereza kwa sauti nzito ya mwalimu. Ndani hapakuwa na kitu ila harufu ya nguo zake. Nilisubiri kicheko. Nilisubiri kama mjinga, rafiki yangu, shavu langu limekandamizwa kwenye mbao.

Kisha nikafikiri labda nakosea mpangilio. Ndivyo akili inavyofanya ikikataa. Nikarudi katikati ya ua, aliposimama bibi, nikakohoa, nikaita kwa sauti ya watu wote. Nikaanza na wazazi, mlango ambao haukuwa na mtu. Nikaita chumba cha mwalimu. Nikajiita mimi na nikajiitikia. Halafu nikaita, "Bwana ya koko, wabukire?"

Ng'ambo ya uzio nikasikia mlango ukilia kwenye bawaba. Mama Mapasa alikuwa ametoka. Nilisikia ndara zake zikisimama kwenye kizingiti. Alikuwa anasubiri zamu yake, kama alivyosubiri maisha yake yote, na zamu iliyotangulia yake ilikuwa ya mdogo wangu. Nikaita tena. "Bwana ya koko, wabukire?"

Mtoto fulani alilia mtaani, akanyamazishwa.

Ndipo Mama Mapasa akaitika. Sauti yake ilikuwa ya kizee, inatetemeka, na iliivuta ile o hadi mwisho wa pumzi.

"Eee, nikooo."

Sikuwa nimemwita bado. Nikabaki nimeshika kitenge changu. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida, akaitika tena, mara ya pili, kwa ajili yake mwenyewe. "Eee, niko."

Yule mwanamke hajawahi kumwitikia mtu. Alikuwa mkali wa sheria ile kuliko bibi, aliwachapa pacha wake kwa kuitikiana. Hakuna chochote ulimwenguni ambacho kingemfanya aivunje, ila kimoja. Nikakaa juu ya majani makavu ambayo hakuna aliyeyafagia.

Alikuja kwa kuzunguka, polepole, akakaa kando yangu ardhini. "Tulikosa namna ya kuambia mama yako ku telefone," akasema. "Bale banavunaka kakao naye njo balimupata kule ku shamba, bauaji balishamumaliza. Balimuzika kule kule, balikuwa na haraka, lakini balimuombea. Jana nilitaka kukuambia. Kinywa kilikataa."

Nilimlazia kichwa begani. Kwenye uzio mzee wa kanisa, kipofu sasa, alikuwa amesimama anangoja aitwe, kwa sababu mstari ulikuwa umekatika katikati na hakuna aliyemweleza. Ilibidi niinuke nimwite. Akaitika. Baada yake hakuna mlango tena.

Watu huniuliza Beni ilikuwaje zamani, nami huwaambia habari za samaki wa kukaangwa, mawese, jua, kakao juu ya maturubai barabara nzima. Nawadanganya. Kilichokuwepo hapa ni kwamba hukuweza kuanza siku bila mtu kutaka kujua kama upo. Nimeishi Butembo miongoni mwa watu wema, na huko mtu anaamka tu mwenyewe, kwa simu, kwa baridi, kwa shida zake. Mwalimu wangu angesema hakuna jina nyuma ya kitenzi. Nami kesho au kesho kutwa nitarudi huko, cherehani zinanisubiri, na wale wazee wawili wataamka kwenye ua huu bila kuitwa na mtu. Nimelifikiria jambo hilo asubuhi nzima na sijapata la kufanya.

Simu ililia jua lilipokuwa limeshapanda. Nilijua ni nani. Niliiacha ilie, kisha nikaishika.

"Ulimuita?" mama akauliza.

"Nilimuita."

"Ku mulango yake? Na sauti yako?"

"Ndiyo, mama."

"Aliitika?"

Nilitazama kufuli. Nilikuwa na uongo mwingi mdomoni, mzuri, wa siku chache. "Mama Mapasa amemwitikia," nikasema.

Hakulia. Nilisikia maharage yakimwagwa kwenye sufuria, kigoda kikisogezwa, na magoti yake yakilia alipokuwa anasimama. Kisha, mbali kidogo na simu, nikamsikia anamwambia binti yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amuka, mutoto. Toa viti inje, batu banakuja ku kilio."